Barafu na maji: kwa nini pakiti ya barafu husubiriwa kabla ya kuwekwa kando ya chanjo

Mhudumu wa afya anayejiandaa kwenda kuchanja watoto katika vijiji vya Arua au Koboko hutoa pakiti za barafu katika friza, huzipanga mezani, kisha husubiri. Kila baada ya muda huinua moja na kuitikisa. Akisikia maji yakicheza ndani yake, ndipo huipanga katika kasha la chanjo. Kwa anayemtazama, subira hiyo yaweza kuonekana kuwa ni kupoteza baridi. Ukweli ni kinyume chake, na sababu yake imo katika kanuni za joto.

Joto huelekea wapi

Vitu viwili vyenye jotoridi tofauti vinapokutana, joto hutoka katika kile cha moto na kuingia katika kile cha baridi. Barafu haitoi baridi. Hupokea joto la maji. Upokezi huo hukoma pale vyote viwili vinapofikia jotoridi moja. Hali hiyo huitwa msawazo wa joto.

Hata hivyo, barafu ina tabia ya pekee. Ikiwa imefikia nyuzi 0 za Selsiasi, joto inaloendelea kupokea haliipandishi hata nyuzi moja. Joto lote hutumika kuvunja umbile la barafu na kuigeuza maji. Joto hilo huitwa joto fiche, kwa kuwa kipimajoto hakilioni. Lilielezwa na mwanasayansi Joseph Black huko Uskoti katika karne ya 18.

Kiasi chake ni kikubwa. Kupandisha gramu 1 ya maji kwa nyuzi 1 huhitaji takriban juli 4.2, lakini kuyeyusha gramu 1 ya barafu huhitaji juli 334.

Hesabu ya ndoo

Chukua kilo 1 ya maji yenye nyuzi 30, kisha ongeza gramu 200 za maji yenye nyuzi 0. Mchanganyiko utatulia kwenye nyuzi 25. Lakini ukiongeza gramu 200 za barafu yenye nyuzi 0, mchanganyiko utashuka hadi karibu nyuzi 12. Uzito ni uleule na jotoridi la mwanzo ni lilelile. Tofauti imeletwa na joto fiche.

Barafu ikizidi gramu 377 hivi, maji hayana tena joto la kuiyeyusha yote. Hapo maji na barafu hukaa pamoja kwenye nyuzi 0. Kuongeza barafu nyingine ya nyuzi 0 hakutashusha jotoridi hilo. Kutarefusha tu muda wa ubaridi. Kuvunja barafu vipande vidogo nako huharakisha upoaji, lakini hakubadilishi jotoridi la mwisho.

Kiwango hicho cha nyuzi 0 ni cha kuaminika popote. Katika mji wa Arua, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Barafu lakini huyeyuka pale kama inavyoyeyuka Mombasa.

Hatari ya kugandisha

Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Watu wengi huogopa joto, lakini baridi kali nayo huharibu. Chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini aina ya B, ya mchanganyiko wa magonjwa matano na ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi hupoteza nguvu zikiganda. Hata zikiyeyuka, nguvu hiyo hairejei. Mtoto aweza kuchomwa sindano, kadi yake ikajazwa, na bado asiwe na kinga.

Pakiti iliyotoka sasa hivi katika friza yaweza kuwa na nyuzi 20 chini ya 0. Ikigusana na chupa ya chanjo, yaweza kuigandisha. Lakini ikianza kuyeyuka, maji na barafu vilivyomo humo vimekwisha kufikia msawazo wa nyuzi 0. Sauti ya maji ndiyo kipimajoto cha mhudumu.

Je, baridi hupotea? Pakiti yenye gramu 400 za barafu huhitaji takriban kilojuli 17 kupanda kutoka nyuzi 20 chini ya 0 hadi 0. Kuiyeyusha yote huhitaji kilojuli 134 hivi. Hata baada ya gramu 20 kugeuka maji, zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake wa kupokea joto bado umo ndani. Hiyo ndiyo akiba itakayolinda chanjo katika barabara ya kutoka Arua hadi Koboko na katika vijia vinavyoingia vijijini.

Nyumbani

Kanuni hiyohiyo yawahusu wanaotumia insulini, ambayo nayo huharibika ikiganda. Isilazwe juu ya barafu wala kugusana nayo. Ifungwe kwa kitambaa, na barafu iwe imeanza kuyeyuka. Insulini iliyoganda isitumiwe, hata ikionekana safi baada ya kuyeyuka.