Wimbo wa Ituri nje ya boma la Jua

Basi linalotoka Katesh kwenda Babati hutumia zaidi ya saa moja njiani. Voyager 1, kwa kasi iliyo nayo leo, ingemaliza kipande hicho kwa sekunde zisizofika 5, maana inakwenda kilomita 17 hivi kila sekunde. Hakuna kitu kingine kilichotengenezwa na binadamu ambacho kimefika mbali kuliko hicho. Na ubavuni mwake imebeba sauti ya ukanda wetu: wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, wakiimba wimbo wa unyago kwa sekunde 56.

Sauti hiyo ilifikaje huko? Na kwa nini ni kazi ngumu kutuma nyingine?

Turudi mwaka 1977. Voyager 2 ilirushwa Agosti 20, Voyager 1 ikafuata Septemba 5, zote kutoka Cape Canaveral, Marekani. Kazi waliyopewa ilikuwa kuchunguza sayari za Mshtarii na Zohali, siyo kwenda kwenye nyota. Kikwazo cha kwanza cha kutoka kilikuwa Jua lenyewe, kwa sababu mvutano wake unakipunguzia kasi kila kinachojaribu kuliacha. Kuongeza mafuta peke yake hakusaidii sana: mafuta yana uzito, na uzito huo nao unadai mafuta mengine ya kuubeba.

Jibu lilitoka kwa wanafunzi. Mwaka 1961 Michael Minovitch alipiga hesabu zilizoonyesha kwamba chombo kikipita karibu na sayari kinaweza kuondoka na sehemu ya mwendo wake. Mwaka 1965 Gary Flandro akagundua kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 sayari kubwa za nje zingejipanga upande mmoja, jambo linalotokea mara moja kila miaka 175 hivi. Wote wawili walikuwa bado wanasomea shahada zao za juu. Ukitaka kuelewa kinachofanyika, fikiria mpira unaogonga bodi ya lori linalokuja mbele yako. Unarudi kwa kasi kuliko ulivyokwenda, na lori halisikii kitu. Mshtarii ndiyo lori. Voyager 1 ilipita hapo Machi 1979, ikapita Zohali Novemba 1980, na toka hapo haijawahi kurudi nyuma.

Kikwazo cha pili ni umeme. Kwenye Zohali mwanga wa Jua ni kama sehemu moja tu kati ya 100 ya ule tunaopata hapa Hanang, na zaidi ya hapo unazidi kufifia. Sola za wakati ule zisingefaa kitu. Kwa hiyo Voyager inaishi kwa joto la plutoniamu-238 linalogeuzwa kuwa umeme. Ilianza na wati 470 hivi, na kila mwaka inapoteza karibu wati 4. Wahandisi wanazima hita moja, kesho kifaa kingine, kama familia inayobana mkaa ufike mwisho wa mwezi.

Cha tatu ni mawasiliano. Redio yake ina nguvu ya wati 20 hivi, yaani kama balbu moja ndogo. Ujumbe unasafiri zaidi ya saa 22 kufika duniani, na kuudaka kunahitaji antena kubwa zenye upana wa hadi mita 70. Novemba 2023 Voyager 1 ilianza kutuma data zisizosomeka. Chipu moja ya kumbukumbu ilikuwa imekufa, na hakuna fundi wa kumtuma. Wahandisi wakaigawa programu vipande vipande na kuihamishia sehemu nyingine za kumbukumbu, kila amri ikingoja jibu karibu siku 2. Aprili 2024 ikaanza tena kueleweka.

Hata kujua kwamba imetoka kulikuwa na shida yake. Jua linapuliza upepo wa chembe unaotengeneza kama boma kubwa kuzunguka sayari zote. Kifaa cha kupima chembe hizo kwenye Voyager 1 kilikuwa kimeharibika toka 1980. Ushahidi ulipatikana Aprili 2013, pale mlipuko wa Jua ulipotikisa elektroni zilizoizunguka. Mtikisiko ule ulionyesha kwamba chembe pale ni nyingi kuliko ndani ya boma. Wanasayansi wakarudi kwenye rekodi, wakaona mpaka ulivukwa Agosti 25, 2012. Voyager 2 ilivuka Novemba 2018. Ila tusichanganye: zimetoka kwenye upepo wa Jua, mvutano wa Jua bado unazifuata.

Nyota ya karibu zaidi baada ya Jua, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka-nuru 4.2. Kwa mwendo wa Voyager 1, umbali huo ni safari ya miaka zaidi ya 70,000. Basi si tuongeze kasi? Hebu tupige hesabu. Kufikisha kilo 1 tu kwenye asilimia 20 ya kasi ya mwanga kunahitaji umeme wote wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, kwa siku 10 mfululizo bila kupotea hata kidogo. Voyager ilikuwa na kilo 800 hivi. Hapo unazungumzia zaidi ya miaka 20 ya bwawa zima.

Ndiyo maana mpango wa Breakthrough Starshot, uliotangazwa 2016, ulifikiria vyombo vya gramu chache vyenye tanga, vinavyosukumwa na leza kutoka ardhini. Kwa kasi hiyo hata punje ya vumbi ni hatari, na kufunga breki haiwezekani. Na chombo cha gramu hakibebi santuri.

Voyager, kwa upole wake, iliweza. Santuri yake ni ya shaba iliyopakwa dhahabu, na ilikadiriwa kudumu miaka bilioni 1, wakati mitambo yenyewe inaelekea kuzimika. Ina salamu za lugha 55. Kiganda kimo, Kiswahili hakimo. Kwenye orodha ya muziki wake, wimbo wa Ituri umeandikwa jina la Colin Turnbull, mwanaanthropolojia aliyeurekodi. Wasichana walioimba hawakutajwa.

Wahandisi walitatua kasi, umeme na redio. Kuandika majina ya waimbaji hakukuhitaji plutoniamu wala antena, kulihitaji kuuliza tu. Siku santuri nyingine ikiandaliwa, swali hilo litangulie.