Nyumba ya Kwihara na Wale Waliopita Ndani Yake

Kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, katika nchi ya Unyanyembe ya Wanyamwezi, ipo nyumba ya udongo mwekundu inayoitwa Tembe ya Livingstone. Kuta zake ni nene, paa lake ni bapa, la udongo ulioshindiliwa juu ya boriti, na vyumba vyake vimezunguka ua. Ile ya kale ilikwisha kuanguka; hii inayosimama leo imejengwa upya kwa mfano wake. Tulifika huko kwa gari moshi tukitoka Kigoma, kikundi kidogo cha wana wa Kongo, na wengi wetu twatoka Maniema na ukingo wa Ziwa Tanganyika.

Anayetazamia hazina nyingi katika makumbusho haya atavunjika moyo. Kuna barua na ramani kadhaa, nyingi zikiwa nakala, na kuna ubaridi mzuri wa kuta nene wakati wa jua kali. Basi nyumba yenyewe ndiyo kitu cha kutazamwa. Ni nyumba ya waliotangulia, kama tunavyozoea kuwaita wale Wazungu wa kwanza, na tulipokuwa tumeketi uani swali lilitujia: ni nani hasa waliotangulia?

Mwandishi wa habari Stanley alipokelewa Kwihara mwezi wa 6 mwaka 1871 na Sheikh Said bin Salim, liwali wa Sultani wa Unguja. Njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa kwa vita vya Waarabu na Mirambo, mtawala shujaa wa Wanyamwezi, hata ikambidi Stanley kungoja hadi mwezi wa 9. Alimkuta Livingstone Ujiji, wakarudi wote wawili, wakaingia katika nyumba hii tarehe 18 Februari 1872. Haya yanajulikana na kila mwanafunzi, nasi hatutakawia hapo.

Lisilosemwa sana ni sababu iliyomfanya Livingstone awepo Ujiji. Nia yake haikuwa kurudi huko. Alikuwa Nyangwe, kwetu, kwenye ukingo wa Lualaba, akitafuta mitumbwi ya kumpeleka mbele. Tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya soko. Watu wapatao 1,500 walikuwa wamekusanyika, wengi wao wanawake waliokuja na samaki, vyungu na vyakula vya shambani. Watu wa wafanyabiashara kutoka pwani wakaanza kufyatua bunduki katikati ya soko. Wanawake wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazidiwa na watu, na wengi waliojitupa mtoni wakachukuliwa na maji. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona kwa macho yake. Karatasi ilikuwa imemwishia, naye aliandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino aliotengeneza kwa matunda ya mwituni. Hakuweza tena kuendelea pamoja na watu wale, akageuka kurudi Ujiji akiwa mgonjwa.

Hapo ndipo Kwihara inapotuhusu. Stanley alipoondoka tarehe 14 Machi 1872, alichukua barua na kitabu cha kumbukumbu za Livingstone, kimefungwa kwa lakiri. Habari za Nyangwe zilipita katika mlango wa nyumba hii, zikafika Uingereza mwaka uleule, zikachapwa na kusomwa. Zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma Waingereza kumkaza Sultani Barghash, naye akatia sahihi mapatano ya tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Tunapenda kusema kwamba soko hilo lilifungwa na wakubwa wa Ulaya. Sisi twaona kwamba mashahidi wa kwanza walikuwa wanawake wa Nyangwe, ambao majina yao hayakuandikwa hata moja.

Livingstone alibaki Kwihara akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kuwatuma kutoka pwani. Alingoja miezi mitano kamili. Katika nyumba hiyo walikuwamo Abdullah Susi wa Shupanga katika bonde la Zambezi. Chuma, Myao aliyeokolewa mikononi mwa wauza watumwa mwaka 1861 akiwa bado mtoto. Na Halima, mpishi, ambaye bwana yule aliandika kwamba angependa kumnunulia nyumba na bustani Unguja. Ahadi hiyo ilikatwa na mauti. Wapagazi 57 walifika tarehe 14 Agosti, na tarehe 25 msafara ukaelekea kusini.

Mwezi wa 5 mwaka 1873 Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Hapakuwa na Mzungu hata mmoja wa kutoa amri. Susi, Chuma na wenzao walifanya shauri wenyewe: moyo wake wakauzika chini ya mti, na Jacob Wainwright, aliyesomeshwa na wamisionari huko India, akasoma sala za maziko. Maiti wakaikausha kwa jua siku kumi na nne, wakaifunga katika nguo na gome la mti, wakaitundika kwenye mti mrefu wa kuchukulia. Kisha wakaanza safari ya miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500.

Mwezi wa 10 walifika tena Unyanyembe. Hapo walimkuta Luteni Cameron, aliyetumwa kumpelekea Livingstone msaada. Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Shauri lile halikuwa baya. Mtu mwenye busara angeweza kulikubali. Wao walikataa. Huko Kasekera, wenyeji walipozuia maiti isipite katika nchi yao, wapagazi walifunga mabua ya mtama yakafanana na mwili wa mtu, wakawatuma wenzao kuyarudisha kuelekea Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Mwili wenyewe waliufunga upya ukaonekana kama mtumba wa nguo, wakapita nao mbele ya macho ya kila mtu. Watu wanaofanya hivyo hawafai kuitwa mikono tu ya safari ya mtu mwingine.

Mwezi wa 2 mwaka 1874 waliingia Bagamoyo, na maiti ikapokelewa katika misioni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu. Njia hiyohiyo, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, ndiyo waliyoifuata Mapadri Weupe wa kwanza mwaka 1878, nao pia mizigo yao ikiwa juu ya mabega ya wapagazi. Kwa njia hiyo walifika ziwani mwezi wa 1 mwaka 1879, na mwaka 1885 wakakabidhiwa Mpala, ng'ambo yetu. Vitabu vyetu vya misioni vimehifadhi majina ya mapadri hao, na ni vema. Majina ya waliowabebea altare ni machache mno.

Livingstone alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874, na kati ya wale wote waliomleta, Jacob Wainwright peke yake alikuwapo kanisani. Chama cha Jiografia cha huko kilitengeneza nishani 60 kwa ajili ya wapagazi, lakini wengi walikuwa wamekwisha kulipwa na kutawanyika, na nishani nyingi hazikuwafikia wenyewe. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, wakasaidia kueleza kumbukumbu za mwisho za bwana wao zilipotayarishwa kuchapwa.

Chuma alifariki mwaka 1882. Susi aliajiriwa tena na Stanley, safari hii kwa upande wa magharibi, katika mto wetu mkubwa, akawa mmoja wa wasimamizi wa watu wake kuanzia mwaka 1879. Alikuwapo kituo cha Léopoldville kilipoanzishwa mwaka 1881, pale ilipo Kinshasa leo. Alirudi Unguja, akafa huko mwaka 1891.