Waya wa Pini Tano na Do-Re-Mi ya Kigango

Kabla ya waya kulikuwa na herufi. Karne ya 19, mwalimu mmoja wa kike wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, alibuni namna ya kuandika wimbo kwa herufi badala ya mistari mitano. Mchungaji John Curwen akaichukua, akaitengeneza upya na kuisambaza. Wamisionari wakaipakia melini pamoja na Biblia. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alipotunga mwaka 1897 ule wimbo ambao sauti yake sisi tunaiita Mungu Ibariki Afrika, aliuandika kwa sol-fa hiyohiyo.

Ilipendwa kwa sababu moja ya kimaskini kabisa: haihitaji chochote. Ukiwa na taipureta na stensili, au kipande cha chaki na ubao, kwaya nzima ina nakala. Sauti nne, mistari minne ya herufi, na nukta mbili za kugawa mapigo. Nasema hivi kwa wapenzi wa fasihi wanaosoma hapa, maana tumezoea kudhani historia ya maandishi ya Kiswahili ni ya mashairi, magazeti na riwaya tu. Lakini kuna watu wengi sana ambao maandishi magumu kuliko yote waliyowahi kusoma kwa ufasaha ni hayo: d, r, m, f, s, l, t.

Sasa tuje kwenye waya. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, watu walichukua sinthesaiza mbili za kampuni zinazoshindana, Prophet-600 ya Sequential Circuits na Jupiter-6 ya Roland, wakaziunganisha kwa waya mmoja. Ukibonyeza huku, na kule kunalia. Lugha iliyopita ndani ya waya ule ndiyo midi. Wakuu wake, Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, walikuja kupewa Grammy ya ufundi mwaka 2013.

Huku kwetu 1983 ni mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Watu walikuwa wanatafuta sabuni na sukari. Tena kompyuta zenyewe zilikuwa zimepigwa marufuku kuingizwa nchini tangu 1974, sambamba na runinga. Kwa hiyo wakati mwanamuziki wa Ujerumani ananunua Atari ST, iliyotoka 1985 ikiwa na matundu ya midi kabisa, mwenzake wa Singida hakuwa na cha kuchomekea waya wowote. Ndiyo maana kwetu kinanda kilitangulia kompyuta kwa miaka mingi, na watu wakazoea kukitumia peke yake, na midundo yake ya kiwandani. Mpaka leo mpiga kinanda anaweza kukaa na chombo chenye tundu la midi nyuma miaka kumi asijue lile tundu ni la nini.

Ni la maandishi. Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya, kwa hiyo tuende taratibu. Faili la midi halina sauti ndani yake. Lina maagizo: bonyeza kibao namba 60, kwa nguvu ya 90 kati ya 127, kiachie baada ya muda fulani. Sauti ni ya kinanda chako mwenyewe. Ni sol-fa kwa namba, basi. Na kama sol-fa, ni nyepesi: wimbo wa sauti nne unaingia kwenye kilobaiti chache, wakati rekodi yake ingekula megabaiti kadhaa za bando. Ina na upungufu wa maandishi pia. Do iliyopandishwa nusu na re iliyoshushwa nusu, ambazo mtunzi huziandika tofauti kwa sababu zake, kwenye midi zote ni namba 61. Kama vile kuandika kaa na kaa: la jikoni na wa pwani, maana inabaki kwa msomaji.

Watunzi wa Kikatoliki nchini wameshaielewa siku nyingi. Fungua tovuti ya Swahili Music Notes: nyimbo kwa maelfu, nota kwenye PDF, na mara nyingi faili la midi pembeni yake. Mwalimu wa kwaya wa Kiomboi au Manyoni asiyesoma vizuri mistari mitano anapakua, anasikiliza besi peke yake, anaipunguza mwendo, anaifundisha Jumamosi. Hiki ndicho chanzo cha swali ambalo wapiga vinanda huulizana: nitumie programu gani?

Jibu langu ni fupi. Cubase na FL Studio (iliyozaliwa Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, na ikaja kuwa daftari la watayarishaji wengi wa Bongo Flava na singeli) ni nzuri, ila ni majumba makubwa. Kwa kazi ya kwaya unahitaji mambo manne: ifungue faili la .mid, inyamazishe sauti moja moja, ipandishe na kushusha ufunguo, na iitume midi nje kwenye kinanda kwa waya wa USB. Kikubwa kuliko yote ni la tano: ihifadhi kazi yako kwenye mfumo ambao programu nyingine itausoma. Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba Finale, programu ya kuandika nota iliyoanza 1988, imefika mwisho. Waliokuwa wametunza nyimbo zao zote kwenye mafaili ya Finale pekee walianza kuhesabu siku ambazo kompyuta zao zingeendelea kuwaka. Aliyekuwa na .mid na MusicXML alilala usingizi. MuseScore ya bure inatosha kwa wengi, na ina nasaba nzuri: Werner Schweer aliichomoa mwaka 2002 kutoka kwenye MusE, programu yake ya kupangia midi.

Wapo wanaotaka kuipiga midi yenyewe kanisani, kwaya iimbe juu yake. Kwa Wakatoliki jambo hilo lina historia. Agizo la Roma la Septemba 1958 kuhusu muziki mtakatifu lilikataza kabisa vyombo vinavyojipiga vyenyewe katika liturujia: ogani za kujiendesha, gramafoni, redio, tepu. Midi haikuwepo, lakini sura yake inatambulika pale. Binafsi nakubaliana nalo, hata kwa sababu isiyo ya kidini: faili halimsubiri bibi anayevuta ubeti.

Linaloniumiza zaidi ni jingine. Mwaka 1991 viwanda vilikubaliana orodha ya sauti 128 ambazo kila kinanda kingekuwa nazo kwa namba zilezile. Piano ni namba 1. Ukishuka hadi 109, baada ya koto ya Wajapani na kabla ya zumari la mfuko la Waskoti, unakuta "Kalimba". Watu wa Manyoni, ambako Wagogo wapo upande huu wa mpaka wa mkoa kama walivyopo Dodoma, wanakijua chombo cha ukoo huo kwa jina la ilimba, kile alichokipeleka duniani Hukwe Zawose, aliyefariki 2003. Kumbe tumo kwenye orodha! Ila bonyeza usikilize. Imepangwa kwa hatua 12 za piano. Wagogo hupanga nota zao kwa kufuata sauti zinazotoka kiasili ndani ya uzi mmoja au bomba moja, na ile ya saba katika mfululizo huo iko chini ya kibao cha piano kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Sikio lililokulia Manyoni linaisikia mara moja, na mtoto anayejifunzia kwenye kinanda cha kanisa anafundishwa kwamba ilimba ya babu imekosea.

Inarekebishika, na hapo programu ndogo yenye orodha ya matukio inaishinda kubwa yenye mapambo. Agizo la kupinda nota huinama na chaneli nzima, kwa hiyo nota ile moja ya saba ipe chaneli yake peke yake. Zipo 16, ya 10 ni ya ngoma, nafasi tele. Kama kinanda chako kimeachwa kwenye upindaji wa kawaida wa toni nzima juu na chini, andika takriban -1270 mwanzo wa chaneli hiyo, halafu cheza.