Hendibreki ya pikapu: ilikotoka, na kwa nini inakwisha mapema kwenye miteremko yetu

Wenye pikapu wengi hapa Mbinga wanalalamika kwamba hendibreki haimalizi hata msimu mmoja wa kahawa. Lawama huenda kwa vipuri feki. Vipuri feki vipo, lakini tukijua kifaa hiki kilitoka wapi tutaona kwamba mara nyingi tunakipa kazi ambayo si yake.

Zamani breki ya mkono ndiyo iliyokuwa breki yenyewe. Mikokoteni ya farasi huko Ulaya ilizuiwa kwa gogo lililokandamizwa kwenye gurudumu kwa mkono. Inasimuliwa kwamba Herbert Frood wa Uingereza aliona wakulima wa milimani wakipachika viatu vikuukuu kwenye breki hizo ili zishike vizuri. Mwaka 1897 akaanza kutengeneza vitu vya kukamatia breki, na kutoka kwake likaja jina la Ferodo tunalolisoma kwenye maboksi ya lainingi.

Gari la Ford Model T la mwaka 1908 lilikuwa na mkono uliokaza magurudumu ya nyuma, na pedali iliyoshika ndani ya gia. Mwaka 1921 Duesenberg ya Marekani ikatoka na breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne. Kadiri breki za mafuta zilivyoenea, kusimamisha gari kukawa kazi ya mguu. Mkono ukabaki na kazi kubwa moja: kushikilia gari lililokwisha kusimama.

Land Rover zilizoanza mwaka 1948 zilikuwa na hendibreki inayoshika propela, si magurudumu. Madereva wa zamani walijua kwamba ukiivuta gari likiwa kwenye mwendo unaweza kuvunja mitambo ya nyuma. Hilux, iliyoanza mwaka 1968, hutumia waya unaovuta breki shuu za magurudumu ya nyuma, zilezile za breki ya mguu.

Sasa tazama ardhi yetu. Ziwa Nyasa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, na Mbinga mjini ni zaidi ya mita 1,200. Barabara ya lami ya kilomita 66 hadi Mbamba Bay inashuka tofauti hiyo yote. Pikapu yenye tani 3 pamoja na mzigo, ikisimama kwenye mteremko unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, huvutwa chini kwa nguvu ya karibu kilo 300. Mzigo wote huo ukiachiwa waya mmoja, waya unalegea.

Lakini shuu hailiki gari likiwa limesimama. Inalika inaposuguana na dramu inayozunguka. Kwa hiyo hendibreki iliyokwisha mapema imekuwa ikisuguliwa njiani, na sababu kubwa ni hizi:

- Kuondoka bila kuishusha yote, au kuivuta ili kusaidia breki ya mguu mteremkoni.
- Waya ulioshika kutu au kujaa tope, ambao haurudi hata ukiachia. Kwa wanaobeba dagaa, maji yanayochuruzika kutoka kwenye mzigo huzidisha kutu.
- Kuivuta dramu zikiwa za moto baada ya kushuka mlima. Dramu ikipoa hunywea na kubana shuu, nawe unaondoka bila kujua.

Fanya hivi. Shuka kwa gia ndogo, ileile ambayo ungepandia. Ukisimama, kanyaga breki ya mguu, utingo aweke jiwe kwenye tairi upande wa chini, achia mguu taratibu gari lilalie jiwe, ndipo uvute hendibreki na kuingiza gia. Baada ya kushuka mlima mrefu, gusa rimu za nyuma kwa uangalifu; upande mmoja ukiwa wa moto kuliko mwingine, kuna shuu inayobana. Mwambie fundi arekebishe shuu kwanza, ndipo akaze waya. Kukaza waya peke yake huficha ugonjwa. Na asipulize vumbi la dramu kwa mdomo, kwani lainingi za zamani zilikuwa na asbesto, inayoleta saratani ya mapafu. Atumie kitambaa chenye maji.

Seti ya shuu ni gharama, lakini gari likiteleza lenyewe gulioni, mbele yake kuna watoto na akina mama wenye biashara zao chini. Wazee wa Kimatengo hawakutegemea kizuizi kimoja mlimani. Walichimba ngoro shambani kote, shimo baada ya shimo, kila moja likizuia maji kidogo. Pikapu nayo iegeshwe hivyo: jiwe, gia na hendibreki, kila kimoja kibebe sehemu yake.