Usingizi na Maumivu

Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 na kupokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, elimu ya kumlaza mgonjwa kabla ya kumpasua ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika mji wa Boston, Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha, naye akakatwa uvimbe wa shingoni akiwa ametulia. Mwaka uliofuata James Simpson wa Edinburgh akaonyesha nguvu za klorofomu. Baadaye lugha yetu ilizipa dawa za namna hiyo jina la nusukaputi.

Lakini msomaji asidhani kwamba kulala ni sawa na kutoumwa. Aliyelazwa kwa nusukaputi hajui lolote, ila mwili wake unajua. Kisu kikigusa ngozi moyo huenda mbio, damu husukumwa kwa nguvu, jasho na machozi hutoka. Ndiyo maana daktari wa usingizi huhitaji dawa ya pili, ya kuzuia maumivu, na dawa hiyo ina historia ndefu kuliko etha. Asili yake ni utomvu wa mmea wa mpopi, ambao tangu zamani huitwa kasumba au afyuni. Mwanzoni mwa karne ya 19 Friedrich Sertürner, kijana aliyefanya kazi katika duka la dawa huko Ujerumani, alitenga ndani ya kasumba chembe zilizobeba nguvu yake, akazipa jina kutokana na Morpheus, mungu wa ndoto wa Wayunani. Hiyo ndiyo mofini.

Kwetu Afrika Mashariki watu walikuwa na njia zao. Mwaka 1879 Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa akisomea udaktari, alishuhudia huko Kahura, katika nchi ya Bunyoro, mwanamke wa miaka kama 20 akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu. Pombe hiyo hiyo ikaoshea mikono ya mpasuaji na tumbo la mama. Jeraha lilifungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma, na siku ya kumi na moja lilikuwa limepona. Mama na mtoto waliishi. Nimewasimulia wanafunzi wangu habari hii mara nyingi, na kila mara huuliza swali lile lile: je, aliumwa? Naam, bila shaka aliumwa. Pombe huchanganya akili, lakini maumivu huyapunguza kidogo tu.

Kwa nini basi mofini isitolewe tele? Wakamba wangeweza kujibu. Wawindaji wao walipika sumu ya mshale, wakajua kwamba kiasi kidogo kinachoganda penye ncha kinatosha kumwangusha mnyama mkubwa. Mofini nayo ni mambo ya kipimo. Kidogo huondoa maumivu, zaidi ya hapo pumzi hupungua, na ikizidi sana pumzi husimama. Ila hiyo imo katika ukoo wake wote.

Wataalamu walitafuta ndugu aliye bora. Kabla tu ya Vita Kuu ya Pili ilipatikana pethidini huko Ujerumani, ikaenea katika wodi za wazazi duniani. Siku hizi sifa yake imeshuka, kwa maana mwili huigeuza kuwa kitu kingine ambacho, kikirundikana, huweza kuleta kifafa. Mwaka 1960 Paul Janssen wa Ubelgiji alitengeneza fentanili, yenye nguvu karibu mara 100 kuliko mofini, nayo hupimwa kwa sehemu za milioni za gramu. Katika miaka ya 1990 ikaja remifentanili, ambayo damu yenyewe huivunja kwa dakika chache.

Wakati huo upasuaji nao ulikuwa ukibadilika. Katika miaka ya 1940 Raoul Palmer wa Paris aliwachungulia wanawake tumboni kwa bomba jembamba lenye taa, na mwaka 1980 Kurt Semm, daktari wa wanawake huko Kiel, Ujerumani, alitoa kidole tumbo kwa njia ya matundu madogo. Leo uvimbe wa kizazi au wa kokwa huweza kutolewa hivyo. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksaidi, na mgonjwa huinamishwa kichwa chini. Watu huona matundu ni madogo wakadhani na maumivu ni madogo. Hewa ile husukuma kiwambo cha mapafu, moyo hushtuka, na baada ya kazi mgonjwa huumwa begani, mahali ambapo hakuna kisu kilichopita.

Hapo ndipo ulinganisho wa dawa huwa na maana. Fentanili hufanya kazi baada ya dakika chache na kipimo kimoja huisha kati ya nusu saa na saa moja. Remifentanili hufuata mkono wa daktari: akifungua inakuja, akifunga inaondoka. Kwa upasuaji wa saa moja hakuna iliyo tiifu zaidi. Lakini ikiisha, imeisha kabisa. Mgonjwa huamka na maumivu yake yote, na pengine makali zaidi ikiwa alipewa nyingi. Mofini huchelewa kufika, kama dakika 20 kabla ya kilele chake, kisha hukaa saa tatu au nne. Zote huleta kichefuchefu, na wanawake waliopasuliwa kwa matundu ndio hutapika zaidi.

Kwa maoni yangu dawa haipimwi mezani pa upasuaji peke yake. Kitui ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na kutoka Mutomo kwenda hospitali kubwa ni safari. Sifa ya matundu madogo ni kwamba mgonjwa hurudi kwao upesi, pengine siku ile ile. Basi mchukue mama aliyetolewa uvimbe asubuhi: adhuhuri ametembea, alasiri amepanda matatu, na magharibi, barabarani bado, bega linaanza kuuma. Fentanili ya asubuhi imekwisha zamani. Kinachomsaidia saa hiyo ni dawa ya ganzi aliyochomwa penye matundu kabla hajaamka, na vidonge ambavyo muuguzi alikumbuka kumfungia katika karatasi.