Washairi wa Kimarathi na Lugha ya Nyumbani

Katika somo la leo tutazungumza habari za washairi wa dini ya Kihindu waliotunga kwa lugha ya Kimarathi. Walio na ramani ukutani na waitazame Bara Hindi. Upande wa magharibi wataona mji wa Mumbai, ambao zamani uliitwa Bombay. Nchi iliyo nyuma ya mji huo huitwa Maharashtra, na lugha ya watu wake ni Kimarathi.

Zamani vitabu vikuu vya dini hiyo vilikuwa vimeandikwa kwa Kisanskriti. Lugha hiyo ilijulikana na wataalamu wachache, hasa Mabrahmani, yaani tabaka la makuhani. Mkulima, mshonaji, na mama mwenye kusaga nafaka hawakuifahamu. Walikuwa kama mtu anayesomewa barua yake mwenyewe katika lugha asiyoijua.

Ndipo alipotokea kijana jina lake Dnyaneshwar. Katika mwaka 1290, alipokuwa hajatimiza miaka 20, alimaliza kueleza kwa Kimarathi maana ya kitabu kitakatifu cha Bhagavad Gita. Aliandika beti 9,000 hivi, za mtindo uitwao ovi. Mtindo huu ulitumika pia katika nyimbo ambazo wanawake waliimba walipokuwa wakisaga. Basi mambo ya wataalamu yakaingia katika lugha ya jikoni na shambani.

Mlango ukiisha kufunguliwa, hauingii mtu mmoja. Namdev, aliyezaliwa katika jamaa ya washonaji, alitunga nyimbo fupi za sifa ziitwazo abhanga. Katika nyumba yake alikuwamo mtumishi wa kike, Janabai. Naye alitunga. Katika mashairi yake, Mungu mwenyewe huja kumsaidia kusaga na kufagia.

Lakini msidhani ya kuwa mambo yote yalikuwa mepesi. Chokhamela, mshairi wa karne ya 14, alikuwa wa tabaka la Mahar, watu walioitwa wasioguswa. Alimsifu mungu Vithoba, ambaye hekalu lake liko katika mji wa Pandharpur. Hata hivyo hakuruhusiwa kuingia hekaluni humo. Alipokufa alizikwa nje, mbele ya ngazi za hekalu. Nyimbo zake ziliingia mahali ambapo yeye mwenyewe alikatazwa.

Katika karne ya 17 akaja Tukaram, mwenye duka katika kijiji cha Dehu. Njaa kubwa ya miaka ya 1630 ilimwulia mke na mtoto, na biashara yake ikaanguka. Akageukia kumwomba Mungu na kutunga. Wako waliosema kwamba yeye si Mbrahmani, hivyo hana haki ya kufundisha dini. Husimuliwa ya kuwa alilazimishwa kutupa maandishi yake mtoni, na baada ya siku 13 yakaonekana tena, hayakuharibika. Hayo ni masimulizi. Lakini jambo moja ni wazi: mashairi yake hayakupotea. Mpaka leo yanaimbwa.

Kila mwaka, mwezi wa Juni au Julai, maelfu na maelfu ya watu huenda Pandharpur kwa miguu. Wanaotoka Dehu na Alandi husafiri zaidi ya kilomita 200, wakiimba nyimbo hizo njiani. Wengi wa watu wa zamani hawakujua kusoma, wakazihifadhi kwa kichwa na kuwarithisha watoto wao.

Na ule mlango wa hekalu? Katika mwaka 1947 mwalimu na mwandishi mmoja wa Kimarathi, Sane Guruji, alikataa kula chakula mpaka wasimamizi walipokubali watu wa matabaka yote waingie. Tangu siku za Chokhamela, zaidi ya miaka 600 ilikuwa imepita.

Basi, ndugu zangu, tumeona ya kuwa lugha inayosemwa nyumbani yatosha kubeba mawazo makuu kabisa. Lakini tumeona vilevile ya kuwa wimbo peke yake haufungui mlango. Hapana budi watu wausukume.

Zungumzeni darasani maswali haya:
1. Kwa nini watu wengi hawakuelewa vitabu vya dini yao?
2. Dnyaneshwar alifanya nini?
3. Chokhamela alizikwa wapi, na kwa sababu gani?

Kwaherini mpaka somo lijalo.