Kiraka cha msimbo: Usiguse faili ya mashine, gusa chanzo

Kama uko Tseikuru na lapi yako unapiga kiraka programu huria, shika hii mapema: si kila faili imeandikwa na mtu.

Cheki `configure`. Hiyo hutengenezwa na Autoconf kutoka `configure.ac`. `Makefile.in` nayo Automake huitoa kwa `Makefile.am`. Ukirekebisha `configure` peke yake, siku itazalishwa upya kazi yako imeisha. Ni kama unga wenye mchanga: dawa ni kupepeta mtama kabla ya kisiagi.

Rada ni hii:

1. Piga kiraka chanzo pekee: `configure.ac` au `Makefile.am`.
2. Zalisha upya na `autoreconf -fi`, kisha unda. Weka Autoconf, Automake na Libtool ukiwa na bundles. Baadaye zinafanya kazi bila mtandao.
3. Usitume `configure` ndani ya kiraka. Ni maelfu ya mistari, na hakuna msee atakusomea.

Ukiruka namba 2, `make` huangalia saa za faili. Ikiona chanzo ni kipya, itaita Autoconf yenyewe. Ikiikosa, unakwama.

Na hii si mchezo. Machi 2024, Andres Freund alifichua mlango wa siri kwa xz 5.6.0 na 5.6.1. Faili iliyouanzisha, `build-to-host.m4`, ilikuwa kwa kifurushi cha kupakua, lakini kwa Git haikuwa. Kwa hivyo linganisha hizo mbili, na ukikuta faili hauielewi uliza: imeandikwa na nani?